Dawa ya Kiuno ya Baba

Meinung, 30 Oktoba 2003

Lien-mei mdogo wangu,

Huku tu wazima. Wifi yako anakusalimu, na figili za mwaka huu zimenenepa hadi majirani wanagombania nafasi ya kuzianika kando ya barabara. Jana mzee mmoja wa skuta amepita juu ya safu nzima ya figili za wifi yako. Wifi alimtukana mpaka mimi nikasikia, na unajua masikio yangu yalivyo. Ndiyo maana bado nakuandikia barua kama watu wa zamani. Kwenye simu mnasema napiga kelele, nami nasikia mvumo tu, kama wa pampu ya shambani.

Mwanangu wa Hsinchu hajambo. Anatengeneza vidude vyake vya kompyuta ambavyo hawezi kunieleza. Duka letu la dawa halitaki, nami nimeacha kumuuliza.

Sasa wewe. Shu-han amempigia simu wifi yako, anasema umekuwa mweupe kama karatasi na huwezi kupanda ngazi za nyumbani kwako bila kukaa katikati. Kwa nini nisikie habari zako kwa binti yako? Mimi ni kaka yako au ni mpangaji?

Sikiliza. Tarehe nane ni Mwanzo wa Baridi, na baridi ni majira ya figo. Baba alitufundisha hayo kabla hatujajua kusoma: figo ndizo ghala la nguvu, zikichoka kiuno kinauma, nywele zinakatika, masikio yanakufa na mtu anakuwa mwoga. Nimekufungia dawa ya kiuno ya Baba kama kila mwaka tangu ulipomzaa Shu-han. Pakiti ni sitini badala ya thelathini, maana mwaka huu utakunywa mbili kwa siku. Bakuli tatu za maji, chemsha hadi ibaki moja. Na usinidanganye, najua mwaka jana ulibakiza.

Kaka yako,
Ting-fa


Keelung, 24 Novemba 2003

Kaka Ting-fa,

Pakiti zimefika, hata kamba haikulegea. Hakuna mtu anayefunga fundo kama wewe. Mpe wifi pole ya figili. Hapa mvua imenyesha siku kumi na moja mfululizo, nguo zinanuka ukungu, na Shu-han amenuna kana kwamba mvua hiyo naileta mimi. Kazi yake bandarini inaendelea vizuri, ila bado hajatuletea mume, kwa hiyo usimuulize.

Sasa kaa chini, kama umesimama nyuma ya meza ya dawa. Nimekuwa nikienda hospitali tangu mwezi uliopita. Figo zangu zimekwisha, Kaka. Katika kazi mia zinazotakiwa kufanya, zinafanya tisa.

Unajua nimefundisha darasa la nne miaka thelathini, sijui kuumwa bila kusoma. Daktari wangu ni msichana tu, anatafuna peremende za tangawizi huku anaongea, lakini anachora vizuri. Figo ni mbili, kila moja kubwa kiasi cha ngumi yako, zimelala mgongoni chini ya mbavu za mwisho. Ukiipasua katikati, ganda la nje limejaa vichujio, kama milioni moja katika kila figo. Kila kichujio ni kifundo cha mishipa myembamba isiyoonekana kwa macho. Damu inaingia kwa nguvu ya moyo, maji na uchafu vinachujika, lakini chembe za damu zinabaki. Kumbuka kile kitambaa alichokamulia Mama maharage ya tofu. Ni hicho, mara milioni mbili.

Lakini sikia hili, maana mimi liliniacha mdomo wazi. Kwa siku moja vinachuja lita mia na themanini. Ndoo tisa kubwa! Na tunakojoa lita moja na nusu tu. Kila kichujio kina mrija wake, mwembamba, uliopindapinda, unaoshuka hadi ndani ya figo kisha unapanda tena. Mrija ndio wenye akili. Unaonja yale maji na kuamua: hii chumvi rudisha, hii sukari rudisha yote, hii sumu ipite. Karibu kila kitu kinarudishwa kwenye damu, na kinachobaki kinadondokea kwenye beseni katikati ya figo, kisha kinashuka kwenye kibofu. Na siyo hayo tu. Figo ndizo zinazouagiza uboho utengeneze damu. Zangu zimeacha kuagiza, ndiyo maana nimekuwa mweupe. Zinashikilia presha, zinaangalia mifupa. Baba hakukosea yote.

Tena hazilalamiki. Kichujio kimoja kikifa kilicho jirani kinabeba mzigo wake, nacho kikichoka mizigo yote miwili inabebwa na kingine, na wewe unaendelea kupika na kwenda sokoni. Unapohisi kitu, nyumba imeshabaki nguzo.

Chanzo ni nini? Umri, kazi, sijui. Daktari ameniuliza mengi. Presha yangu ni ya kawaida, sukari sina. Basi, ni bahati tu. Mwezi wa tatu huenda nikaanza mashine ya kusafisha damu. Usije, duka litabaki na nani?

Mdogo wako,
Lien-mei


Meinung, 2 Desemba 2003

Mdogo wangu,

Nimesoma barua yako mara nne. Mara ya tano nimempa wifi yako anisomee kwa sauti sikioni, nikadhani labda macho nayo yameharibika. Amelia sana. Mimi sikulia. Nimeenda nyuma ya duka nikapasua kuni ambazo hatuzihitaji.

Tisa! Na unaniandikia kuhusu ngumi na vitambaa vya tofu kama vile unasahihisha daftari za watoto!

Haya, nimeshaamua, na mimi ndiye mkubwa. Mimi ninazo mbili. Mwana wetu amenitafutia habari kwenye kompyuta yake, anasema ndugu wa tumbo moja anaruhusiwa kutoa, na mtu anaishi vizuri na moja. Nina miaka sitini na tatu lakini nabeba gunia la mdalasini peke yangu. Wanikate upande wa kushoto, maana wa kulia ndio ninaolalia. Ukishaipata figo yangu usishangae ukianza kuzeeka vibaya na kupiga kelele kwenye simu.

Huku baridi imeshuka, mboga za majini ni tamu sasa. Watu wanakuja dukani kutafuta vya kujijengea mwili kwa majira haya. Nawauzia tangawizi, nawauzia mbegu nyekundu za kupikia kuku. Sina zaidi ya kukuambia kuhusu duka.

Andika haraka, uniambie siku ya kuja kupimwa.

Ting-fa


Keelung, 20 Desemba 2003

Kaka,

Wazima sote. Shu-han amekatwa nywele fupi, anafanana na wewe ulipokuwa jeshini, usimwambie nimesema. Kwa chakula naishi kama mtawa: chumvi kidogo, nyama kidogo, mboga nazichemsha na maji yake namwaga. Jirani aliniletea yale matunda ya pembe tano, mazuri, yananukia. Nilikuwa nimeshika kisu ndipo nikaona karatasi ya hospitali: mgonjwa wa figo akila hayo anaweza kushikwa na kwikwi isiyokatika mpaka akapoteza fahamu. Nikamrudishia. Amenuna, anadhani namdharau.

Kuhusu figo yako, hapana.

Umri wako umekwenda. Masikio yako ni mabovu, upasuaji si mchezo, na wifi ana moyo wa woga. Duka halijafungwa tangu alipofariki Baba. Mimi mashine inanitosha, watu wanaishi nayo miaka ishirini, wengine wanasafiri, wengine wanacheza dansi bustanini asubuhi. Tafadhali usinirudie tena kwa jambo hili. Nakupenda na nimekataa, yote mawili.

Januari watanishona mkono. Wanaunganisha mshipa mkubwa na mwingine ili damu iende kwa nguvu, mashine iipate. Muuguzi anasema mshipa ukishapona utavuma, ukiweka sikio unasikia. Nikamwambia kaka yangu hata akiweka sikio hatasikia kitu. Akacheka.

Pakiti zako nimezihifadhi mahali pakavu.

Lien-mei


Meinung, 9 Februari 2004

Lien-mei,

Mwaka mpya umepita. Tumekula, tumepasua fataki, wifi yako amepika tambi pana za mchele kwa watu kumi na sisi tulikuwa wawili. Sikukuandikia kwa sababu nilikuwa na hasira. Sasa nakuambia kwamba nilikuwa na hasira, ujue.

Unakataaje? Mtu anakataa zawadi ya soksi, hakatai figo. Juzi tulikwenda kusafisha makaburi. Nilimng'olea Mama majani peke yangu, nikamwambia: binti yako anajifanya mgeni kwangu. Mwana wetu alidhani naongea na simu.

Lakini mimi sikusikilizi. Nimeanza kujiandaa. Siwezi kukupa figo ya ovyo, kwa hiyo tangu ilipofika barua yako ya Novemba nakunywa dawa ya kiuno ya Baba. Si moja, si mbili, pakiti tatu kwa siku, sijaruka hata siku moja. Zikija kukatwa zitakuwa figo safi kuliko za kijana. Ni chungu siku hizi kuliko nilivyokumbuka, au ulimi wangu umezeeka. Wifi yako ananuna, anasema nimepauka na nguo zinanipwaya. Na usiku naamka mara tano kwenda chooni, namkanyaga. Nimemwambia ndiyo dalili kwamba zinafanya kazi.

Basi taja siku. Nitapanda treni, wifi yako atauza tangawizi.

Ting-fa


Keelung, 13 Februari 2004

Kaka Ting-fa,

Sina salamu leo. Barua hii naituma kwa njia ya haraka na Shu-han anampigia wifi sasa hivi. ACHA KUNYWA ILE DAWA. Ile uliyo nayo jikoni imwage kabla hujamaliza kusoma.

Nilikuwa nimeapa kwamba hili nitakufa nalo. Nisikilize sasa, na usinikatize kwa kupasua kuni.

Mwezi wa kumi, siku ya pili ya kwenda hospitali, yule daktari msichana alinitazama akasema, "Mama, figo zako ni ndogo, zimesinyaa kama zabibu kavu. Lakini presha huna, sukari huna, hujavimba. Na upungufu wa damu umezidi kiasi. Unakunywa nini?"

Nikamwambia, "Sinywi kitu. Hata bia sinywi."

"Dawa ya mizizi?"

"Ah, hiyo ni ya baba yangu. Hiyo ni ya kuimarisha figo."

Akaacha kutafuna peremende. Akasema, "Niletee."

Nilimpelekea zile nilizobakiza mwaka jana, ulikuwa umekisia sawa. Mfamasia aliifungua moja juu ya sinia nyeupe. Alilikata fundo lako kwa mkasi, na mimi niliumia, maana fundo lako hufunguliwa kwa kucha. Akatenga vipande kimoja kimoja kwa koleo: huu mdalasini, hii tangawizi kavu, hili ganda la mti. Kisha akatoa vile visahani vya mzizi, vya manjano, vyenye mistari kama gurudumu la baiskeli. Unavijua. Tulivikata pamoja mimi na wewe kwenye kile kisu cha kukanyagwa kwa mguu, Baba akitupigia hesabu ya unene. Akaviweka peke yake pembeni.

"Ni vipande hivi," akasema.

Mzizi ule hauharibu vichujio, Kaka. Unaharibu mirija, ile yenye akili. Inakufa kidogo kidogo na pale ilipokuwa panaota kovu, na kovu linavuta kovu hata mtu akiacha kunywa, mpaka figo yote inakunjamana. Hauumi. Hauvimbishi. Mtu anapauka tu, anakonda, anakojoa mara nyingi kwa sababu mirija haiwezi tena kurudisha maji. Soma barua yako mwenyewe. Umepauka. Nguo zinakupwaya. Mara tano.

Hii ndiyo sababu niliikataa figo yako. Nilijua wakikupima wewe watakuuliza unakunywa nini, na utajibu kwa majivuno, na msichana mmoja mwenye peremende atakuambia kwamba miaka ishirini na saba ulikuwa unanitumia kwa posta kitu hiki. Nilitaka nife bila wewe kulijua. Nilidhani nakuhurumia. Kumbe nilipokaa kimya wewe ulikuwa unakunywa!

Sikulaumu. Naandika tena, kwa herufi kubwa ili wifi akusomee vizuri: SIKULAUMU. Ulinipenda kila Mwanzo wa Baridi na nilijua kwamba ni upendo, na bado ni upendo. Baba naye hakujua. Nenda ukapimwe damu kesho. Si wiki ijayo, kesho.

Mdogo wako anayekuogopea,
Lien-mei


Meinung, 1 Machi 2004

Nimepata barua yako. Nimeacha. Duka limefungwa. Usipige simu, na wifi yako asikuambie lolote, nitakuambia mwenyewe.
T.


Keelung, 18 Aprili 2004

Kaka,

Wiki saba sasa. Wifi kwenye simu anasema "yuko, yuko" halafu anakata. Wewe uko wapi, mtu wangu?

Mimi nimeanza mashine, Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, kwa muda wa saa nne kila mara. Sindano mbili nene mkononi, damu inatoka kwa moja na kurudi kwa nyingine, na katikati inapita ndani ya bomba lenye maelfu ya nyuzi nyembamba. Ndiyo figo yangu hiyo, inaning'inia kwenye chuma kama chupa ya sharubati. Inachuja vizuri, lakini haina akili. Haijui nini cha kurudisha, kwa hiyo akili inabidi niwe nayo mimi: maji napima kwa kikombe, chumvi naihesabu, na nikinywa supu bakuli zima siku ya Jumatatu, Jumanne moyo unalalamika.

Siku za kwanza nilitoka nikiwa kama nguo iliyokamuliwa. Sasa afadhali. Jirani yangu wa kitanda ni nahodha mstaafu wa meli ya kuvuta meli, anapenda kuimba, hajui kuimba. Hana mtu wa kumtembelea. Shu-han anafanya kazi mchana, kwa hiyo hata mimi niko peke yangu na yule mwimbaji. Mshipa wangu unavuma. Nikilala upande ule nausikia, kama nyuki ndani ya kopo.

Huna haja ya kusema chochote kirefu. Niandikie kwamba ulipimwa. Niandikie namba tu. Usipoandika nitapanda treni mwenyewe, na nikikosa mashine njiani utakuwa umeniua kweli.

Nakukumbuka sana.
Lien-mei


Meinung, 6 Juni 2004

Lien-mei mdogo wangu,

Wifi yako hajambo. Mpunga umekomaa, mvua za mchana zimeanza, na mwana wetu alikuja akakaa siku tisa bila kuitwa. Namba ni hamsini na mbili. Nimeanza na hiyo kwa sababu najua uliruka salamu kuitafuta.

Hamsini na mbili katika mia. Daktari wa hapa anasema huenda zikasimama hapo kwa kuwa nimeacha, huenda zikashuka polepole. Kila miezi sita wataangalia mkojo wangu, maana mzizi ule unaweza kuacha uvimbe kwenye njia zake miaka mingi baadaye. Wewe pia waambie wakuangalie. Zinanitosha mimi. Hazitoshi kukupa. Nilimuuliza mara tatu, mara ya tatu wifi yako akanivuta shati.

Sasa niseme nisilosema. Wewe ulificha jambo ili kunilinda. Mimi nilificha kwa woga.

Karatasi ya serikali ilinifikia wiki moja baada ya Mwanzo wa Baridi, pakiti zako zikiwa zimeshakwenda. Mizizi mitano imepigwa marufuku, inaharibu figo, na wetu ulikuwa wa kwanza kwenye orodha. Niliikunja nikaificha chini ya droo ya mdalasini. Siku hiyohiyo niliuondoa mzizi dukani nikauweka nyumbani, sikumuuzia mtu tena, lakini sikumwambia mtu kwa nini. Kisha ikaja barua yako yenye ile tisa katika mia. Ulisema ni bahati tu, na mimi nilitaka sana iwe bahati tu. Ungetazama barua yangu ya Desemba, hata mara moja sikukuuliza kama unakunywa. Mtu anayeuliza kila mwaka!

Nilikuambia nakunywa ili nikuandalie figo safi. Ndivyo nilivyomwambia na wifi yako. Ukweli ni kwamba nilikunywa ili karatasi iwe ya uongo. Nilisema, nikinywa tatu kwa siku majira yote ya baridi na nikabaki mzima, basi Baba hakukosea, na mimi sikukufanya lolote. Na kama alikosea, wa kulipa niwe mimi. Nilikuwa naona ninavyopauka. Nilikuwa najua, Lien-mei. Barua yako haikuniambia kitu kipya, ilinizuia tu.

Hukuniuliza kuhusu Mama. Asante. Nitasema mwenyewe. Mwaka ule alipougua wewe ulikuwa chuo cha ualimu, mimi ndiye niliyekuwa jikoni. Alipauka, akakonda, ngozi ikamwasha, pumzi yake ikawa na harufu ya mkojo. Baba alisema figo zimechoka, mwongezee dawa. Nilimchemshia mimi, bakuli tatu kwa siku, miezi minane. Alikuwa anageuza uso. Nikawa namwambia, "Maliza Mama, tone tu limebaki." Alikuwa anamaliza ili kunifurahisha. Nina miaka sitini na tatu na nimelia kama mtoto mbele ya mwanangu. Ndiyo maana alikaa siku tisa.

Halafu nikafungua daftari la dawa, lile la Baba na langu, kila mtu tuliyempa dawa ya kiuno. Walio hai ni themanini na watatu. Nikasema barua hii haitaandikwa mpaka nimewafikia wote. Wifi yako alipanda nyuma ya skuta, maana mimi siwezi kusikia watakachojibu. Mimi nasema, wao wanajibu, yeye ananipigia kelele sikioni, mtaa mzima unasikia.

"Dawa niliyokupa inaharibu figo. Nenda ukapimwe damu. Nakuomba radhi."

Fundi wa miavuli alinitupia kandambili, ikampata wifi yako. Mwalimu Ku alisema, "Mimi nitaendelea, baba yako aliniponya mgongo," ikabidi nikae kwake mchana kutwa, nikaondoka na kopo lake la dawa kwapani. Bibi mmoja wa kule kwenye mabanda ya tumbaku alinipa chai kwanza, akasikiliza, akauliza, "Na mume wangu je?" Mumewe alikufa mwaka 1991. Niliona jina lake kwenye daftari. Sikumwambia uongo. Akaniambia nimalize chai.

Waliopimwa ni sabini na wanane. Kumi na wanne majibu yao ya damu ni mabaya, na wawili kati yao watahitaji mashine kama yako. Nawapeleka mmoja mmoja kwa daktari, naketi nje. Watano nimewaambia ila bado wanakimbia kupimwa, lakini nitawapata.

Droo za Baba nimeziacha ukutani zikiwa tupu. Kibao cha duka nimekishusha mwenyewe.

Sasa, tangu Baba afe sijawahi kulala nje ya Meinung. Nilikuwa nasema ni kwa sababu ya duka. Duka halipo tena. Jumanne ijayo nitapanda treni ya kwanza. Sileti pakiti. Naleta tambi za mchele, nimemuuliza muuguzi wa hapa: zichemshwe, maji yamwagwe, chumvi isitiwe, bakuli moja tu. Nimezifunga kwa karatasi ileile na fundo lilelile. Usikate kwa mkasi.

Usinipikie, usije kunipokea stesheni. Shu-han anielekeze hospitali. Nitakaa kwenye kiti kati yako na huyo nahodha saa zote nne, na kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi mpaka uniambie nimekuchosha. Yeye aimbe anavyotaka, mimi sitasikia. Lakini mkono wako nitaushika pale penye mshipa, maana Shu-han amemwambia wifi yako kwamba hata kiziwi anaweza kuuhisi ukivuma.

Kaka yako,
Ting-fa